Postikadi za Mkono: Anza na Mgongo

Mpe mtu karatasi ngumu na rangi, mwambie atengeneze postikadi, na ataanza na picha. Atachora wee, atabandika, atapamba, na mwisho akigeuza upande wa pili anakuta stempu haina pa kukaa, anwani imebanana na salamu, na gundi imepenya hadi nyuma. Wapwa zangu nawafundisha kinyume chake: mgongo wa kadi kwanza, picha baadaye. Picha ni ya mpokeaji. Mgongo ni wa karani wa kaunta, wa mhuri, wa mashine inayochambua barua huko ughaibuni, na wa mpeleka barua asiyekujua wala asiyejua Kiswahili. Mmoja wao akikwama, kadi inabaki kwenye gunia hata kama picha yake ni nzuri kiasi gani.

Ninachoeleza hapa ni kadi inayosafiri wazi, bila bahasha, kutoka Tanzania au Kenya kwenda kwa ndugu na marafiki.

Tafuta anwani kabla ya kushika mkasi

Kazi nyingi hufia hapa. Kwetu barua kwa kawaida haiji mlangoni, inakwenda kwenye sanduku, na watu wengi hawana sanduku. Lakini ni nadra kumkuta mtu asiye karibu na sanduku la mwenzake: la shule anayofundisha, la zahanati, la msikiti, la parokia, la duka la jumla la ami yake. Kwa hiyo usimuulize "anwani yako ipi?", maana atakujibu hana. Muulize hivi: "Barua za hapo kazini kwenu zinaingia sanduku namba ngapi, na nani anakwenda kuzichukua?" Sehemu ya pili ya swali ndiyo yenye maana zaidi. Sanduku linalofunguliwa mara moja kwa mwezi ni sanduku zuri ilimradi ujue hivyo mapema, na umjue anayelifungua.

Ukishapata, andika jina la mpokeaji juu, chini yake "kupitia kwa" na jina la taasisi au mwenye sanduku, kisha S.L.P. na mji. Kwa Kenya namba ya sanduku hufuatwa na msimbo wa posta, na msimbo huo usiuache: 00100 ni Nairobi posta kuu, 80100 Mombasa, 40100 Kisumu. Tanzania tuna postikodi za tarakimu tano, na operesheni ya anwani za makazi ya mwaka 2022 iliweka namba kwenye nyumba na majina kwenye mitaa. Vibao hivyo navipenda, lakini kwa postikadi bado naamini sanduku kuliko kibao. Kwa asiye na sanduku kabisa ipo huduma ya sanduku linalotembea na namba ya simu, Posta Kiganjani kwa Tanzania na MPost kwa Kenya: barua ikifika, ujumbe unaingia kwenye simu.

Ughaibuni kila nchi ina mpangilio wake. Oman ni sanduku na msimbo wa tarakimu tatu, kama 112 wa Ruwi. Falme za Kiarabu hakuna msimbo, na sanduku mara nyingi ni la kampuni anayofanyia kazi ndugu yako, hivyo jina la kampuni lazima liwepo. Ujerumani tarakimu tano hutangulia jina la mji. Marekani mji hutangulia, zikafuata herufi mbili za jimbo, kisha tarakimu tano. Uingereza msimbo wa herufi na tarakimu hukaa peke yake chini ya jina la mji. Huna haja ya kukariri haya. Omba anwani kwa maandishi, usikubali kutajiwa kwenye simu, kisha inakili mstari kwa mstari kama ilivyoletwa bila kuipanga upya kwa mazoea ya kwetu.

Jina la nchi liwe mstari wa mwisho, kwa herufi kubwa, na kwa Kiingereza, au Kifaransa kama inakwenda Kongo au Burundi. Karani wa Dar es Salaam anajua Uholanzi ni wapi. Ila kadi inaweza kupita Addis Ababa au Doha kwanza, na huko anayeichambua atasoma NETHERLANDS. UHOLANZI atabaki anaikodolea macho.

Pita posta ununue stempu

Gharama hutegemea nchi inakokwenda, na postikadi aghalabu ina bei yake chini ya barua. Uliza kaunta bei ya postikadi kwa ndani ya nchi, kwa Afrika Mashariki, na kwa kila bara unalokusudia, uziandike kwenye karatasi. Kisha nunua stempu hapo hapo, kabla hujakata kadi hata moja.

Sababu ni ukubwa. Gharama ile ile inaweza kulipwa kwa stempu moja au kwa tatu, kutegemea karani ana zipi siku hiyo, na stempu zetu za wanyama na vipepeo hazina udogo. Tatu zikipangwa mstari mmoja zinameza theluthi ya mgongo wa kadi. Ukiwa nazo mkononi unazilaza juu ya karatasi na kupima nafasi. Mwambie pia karani unataka stempu za kubandika, si chapa ya mashine. Mtu aliyekaa Toronto miaka kumi akiona twiga kwenye kona ya kadi anajua imetoka wapi kabla hajasoma neno.

Zitunze katikati ya kurasa za karatasi yenye nta. Unyevu wa pwani huzigandisha pamoja, na kuzibandua bila kuzichana ni mtihani.

Karatasi

Kanuni za Umoja wa Posta Duniani zinataka kadi ya mstatili, isiyopungua sentimita 9 kwa 14 na isiyozidi 12 kwa 23.5. Usikate kadi umbo la samaki au la moyo. Inapendeza mezani, lakini mashine haiipendi. Kipimo rahisi kuliko vyote ni kuchukua karatasi ya A4, kuikunja mara mbili na kuikata kwenye mikunjo: unapata kadi nne za sentimita 10.5 kwa 14.8, bila kupoteza chochote.

Ugumu unaofaa ni gramu 250 hadi 300 kwa mita ya mraba. Kadi moja ya hivyo ina uzito wa kama gramu 4 hadi 5. Manila ya kawaida ya dukani ni laini mno, inakunjika kona kabla ya kutoka wilayani. Gundisha mbili ziwe moja. Vinginevyo tafuta boksi la viatu au la biskuti: upande wake wa ndani, ule wa kijivu, unapokea biro vizuri kabisa. Katoni yenye mawimbi ndani iache, ni nene na inavunjika.

Kuna jambo moja la gundi ambalo huwashangaza wanaoanza. Karatasi ukiipaka gundi ya maji upande mmoja na kubandika kitu, ikikauka inajikunja kama chapati kuelekea upande huo. Dawa yake ni kubandika karatasi nyembamba nyeupe upande wa pili, siku hiyo hiyo, ili pande zote mbili zivutane sawa. Kisha kadi ilale chini ya vitabu vizito usiku kucha, kukiwa na karatasi ya nailoni katikati ili isigande. Karatasi hiyo nyeupe ndiyo inakuwa mgongo wako, hivyo umeua ndege wawili.

Mgongo

Piga mstari wa wima katikati. Kulia ni anwani na stempu tu, kisiingie kitu kingine. Kushoto ni salamu zako. Mgawanyo huu si wa tangu zamani: Uingereza iliruhusu ujumbe upande wa anwani mwaka 1902, Marekani 1907. Kabla ya hapo upande mzima ulikuwa wa anwani, ndiyo maana kadi za miaka ile, zikiwemo zilizotoka kwenye studio za Zanzibar kama ya Gomes, huwa na salamu zilizobanwa pembezoni mwa picha, wakati mwingine zimepanda hadi mawinguni.

Stempu ni kona ya juu kulia. Chora kwa penseli kisanduku kinachotosha stempu ulizonunua. Chini kabisa acha sentimita moja na nusu hadi mbili tupu, kwani mashine za Ulaya na Marekani huchapa msimbo wake wa mistari hapo, na utafunika chochote ulichoandika. Juu kushoto weka sanduku lako kwa herufi ndogo. Juu katikati andika POSTCARD, au CARTE POSTALE kwa nchi za Kifaransa. Kadi ya dukani haihitaji kujitambulisha, ya mkono inasaidika.

Kalamu ni biro. Wino wake una mafuta, maji hayaubebi. Kalamu za jeli, za majimaji na zile za kuchovya huvuja mvua ikipiga gunia. Ukitaka kuhakikisha, andika kwenye kipande cha pembeni, subiri kidogo, paka kidole chenye mate. Kanuni hiyo ihusu na printa: ya wino huchuruzika, ya unga haichuruziki. Ukiandika anwani na ikakauka, unaweza kuisugua kwa mshumaa mweupe, nta inafukuza maji. Ila usiguse sehemu ya stempu, kwa sababu juu ya nta stempu haishiki wala mhuri haukolei. Na usifunike stempu kwa selotepu kamwe. Stempu iliyofunikwa inaweza kukataliwa, kwa kuwa mhuri unaweza kufutwa na stempu kutumika tena.

Picha, sasa

Hapa uko huru, ilimradi ubandikacho kiwe chembamba na kishikwe na gundi chote, pasiwe na ncha inayonyanyuka. Shanga, vito, kitambaa, nyuzi za kudarizi na ile mimeremeto ya unga vinadai bahasha. Usibishane na karani juu ya hili. Kitu kinachomeguka kinaharibu barua za wengine.

Kwa kuwa kitambaa cha kanga hakisafiri wazi, nakuazima mpangilio wake. Kanga ina pindo kuzunguka, mji katikati, na jina, yaani msemo wake, chini. Kata vipande vya magazeti au karatasi za rangi kwa pindo, weka picha moja tu kwenye mji (embe, korosho, kuku, mlango wa bibi), kisha andika jina kwa herufi kubwa za wino mweusi. Mpangilio huu hausumbui hata mtoto wa darasa la pili, na mtu wa pwani akiuona popote duniani anautambua. Jina lichague kwa uangalifu. "Milima haikutani, binadamu hukutana" haina neno. Lakini yapo majina ya mafumbo, na wifi akiyapata kwenye kadi atakaa nayo wiki nzima akitafuta anasemwa kwa lipi.

Kwa wenye subira, kuna magome ya mgomba. Hii ndiyo kazi ninayoipenda zaidi, na malighafi ni bure. Zunguka shina la mgomba uliozeeka, utaona magome yaliyokauka yananing'inia yenyewe. Yavue kwa mkono, usikate mabichi. Angalia rangi: ya nje ni kahawia iliyoiva, karibu na nyeusi ukiingia kwenye madoa; ya ndani ni rangi ya nyasi kavu, na mengine yana michirizi kama ya mbao ya mninga. Usitafute rangi ya kupaka, tofauti hizo zinatosha picha nzima.

Yafute vumbi na buibui kwa kitambaa chenye unyevu kidogo, yaanike kivulini hadi yasalie makavu kabisa, kwa sababu gome lenye maji litaota ukungu ndani ya gunia. Halafu yalaze kati ya karatasi mbili na uyapige pasi ya moto wa wastani. Utasikia yanatulia na kunyooka, na harufu yake hugeuka kama ya nyasi zilizolala juani. Gome likiwa nene, lichane kwa unene: ingiza ukucha kwenye ukingo, linaachana lenyewe tabaka mbili. Tumia tabaka la juu peke yake.

Chora jahazi kwa penseli kwenye kadi. Kata mwili wa jahazi kwenye gome la kahawia, nyuzi zikienda kwa ulalo, jinsi mbao za chombo zinavyolala. Tanga likate kwenye gome la rangi ya nyasi kavu, nyuzi zikisimama, na ukingo wake mmoja uuviringe kidogo kwa mkasi ili lionekane limejaa upepo. Bahari ni vipande vitatu vinne vyembamba vilivyochanwa kwa vidole, si kwa mkasi. Mkasi hutoa maji yaliyonyooka mno. Paka gundi nyeupe ya maseremala nyuma ya kipande chote hadi ukingoni, bandika, futa iliyotokeza, kisha chini ya vitabu. Kesho yake pitisha kidole juu ya picha nzima. Panapokwaruza, ongeza gundi kwa kijiti cha meno.

Onyo moja: Australia na New Zealand wakali mno kuhusu chochote cha mmea kinachoingia nchini mwao. Za huko zichore kwa rangi. Na usibandike mbegu, ua au jani bichi kwenye kadi ya nchi yoyote.

Picha ya kamera nayo inafaa. Isafishwe studio, igundishwe kwenye kadibodi, mgongo ukiwa karatasi nyeupe. Usiandike moja kwa moja nyuma ya karatasi ya picha, biro huteleza.

Salamu

Nusu kadi inabeba sentensi tano au sita. Usizimalize kwa "natumaini hujambo, sisi huku hatujambo, salamu kwa wote". Weka mahali na tarehe, mwamkie anavyostahili, kisha eleza kitu kimoja tu kilichotokea, ambacho hakikutumwa kwenye simu. Kwa mfano, mjukuu wa Tanga kwa bibi yake aliyeko Muscat:

*Tanga, 3 Desemba. Shikamoo Bibi. Mwembe wako wa uani mwaka huu umezaa hadi tawi limelala juu ya bati. Usiku wanakula popo, mchana tunakula sisi, hatujagombana bado. Baba anataka kulikata lile tawi, mama amemwambia akuombe ruhusa wewe kwanza. Jibu haraka, panga limeshanolewa.*

Bibi huyo ana la kujibu, na atajibu. Kumbuka tu kwamba kadi iko wazi: karani ataisoma, mwenye sanduku ataisoma, na jirani aliyeibeba kuileta nyumbani ataikariri. Habari za fedha, ugonjwa wa mtu, au kwamba nyumba itakuwa tupu wiki mbili, hizo ziwekee bahasha.

Kutuma

Bandika stempu, halafu piga picha pande zote mbili za kadi kwa simu. Ipeleke kaunta badala ya kuitumbukiza kwenye sanduku la nje, na mwombe karani aigonge mhuri kwa mkono mbele yako, iwe wazi na isomeke tarehe. Karani akiona kadi ya mkono kwa kawaida huigonga kwa heshima, na wengine watakuuliza umetengenezaje. Ya nje ya nchi omba kibandiko cha buluu cha KWA NDEGE, PAR AVION, ukiweke kushoto ya anwani. Kadi iliyokula kazi ya siku mbili na hutaki ipotee, iweke kwenye bahasha uitume kwa rejista. Utalipa zaidi lakini itakuwa na namba.

Za Krismasi zitoke mwanzoni mwa Novemba. Za Idi ni hesabu nyingine, kwani Idi hurudi nyuma takriban siku 11 kila mwaka, kwa hiyo hesabu mwezi mmoja na nusu kabla kwa ughaibuni na wiki mbili kwa ndani ya nchi. Ukiwa na msafiri anayekwenda London unaweza kumpa rundo aliposti huko kwa stempu za huko, zitafika upesi. Mimi sipendi sana njia hiyo, maana kadi ya gome la mgomba yenye stempu ya mfalme wa Uingereza inakuwa imepoteza nusu ya safari yake. Kwa ndugu walioko sehemu za Kongo ambako posta haifiki, msafiri ndiye posta.

Usiweke picha ya kadi kwenye kundi la familia kabla haijafika. Miezi miwili ikipita kimya, usimuulize mpokeaji. Mpigie yule anayefungua sanduku, mwelezee kadi ilivyo, na umwombe aangalie droo zake. Isipopatikana, una picha ya pande zote mbili kwenye simu: tengeneza nyingine, na safari hii mwambie mpokeaji ipo njiani.